Viazi vya Koku Juu ya Bati

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya.

Shule niliiacha darasa la tano, nikawa mtu wa kutangatanga: leo Muleba mjini, kesho visiwani kwa wavuvi, keshokutwa hata mama hajui niko wapi. Huko nilikopita nilimkuta mtu analima viazi mviringo kwenye ndoo kuukuu. Nikamwuliza maswali mpaka akachoka. Nilipofika kwa dada yangu, kule Kahororo, ambaye uwanja wake ulikuwa mdogo, nikawaambia wanawe, Koku na Alinda, kwamba tutalima bila shamba. Tukatoboa ndoo za rangi, tukajaza udongo na samadi, kila mtoto na ndoo yake. Koku aliiamkia yake kila asubuhi kwa Kihaya, kama mtu.

Mvua ikashusha udongo kwenye ndoo ya Koku, viazi vya juu vikachungulia jua. Siku ya kuvuna, vya Alinda vilikuwa sawa. Vya Koku, vingi vilikuwa vya kijani.

"Mjomba, vyangu vimekuwaje?"

Sikujua. Lakini mimi nimekulia kibanjani, kati ya migomba na mibuni, na kwangu kitu cha kijani ni kitu kibichi. Nikasema havijaiva, tuvianike. Nikavipanga juu ya bati la banda la kuku. Kesho yake vikazidi ukijani. Siku ya nne vilifanana na maparachichi.

"Vinarudi nyuma," Koku akasema.

Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu, mimi niliyewakimbia walimu: "Ndivyo vinavyoiva."

Nikavichemsha. Akauma kimoja, akakunja uso. "Vinawasha ulimi."

"Kula. Ni jasho lako."

Akala, kwa sababu nimesema mimi.

Mchana ule alitapika mpaka akawa anatetemeka mikononi mwa dada. Mama yangu akaingia wakati huohuo kutoka Kishanda, hajatua hata mkungu wa ndizi aliotuletea. Akachungulia sufuria.

"Waitu, jamani, nani kakuambia kiazi cha namna hii kinaliwa?"

"Hakuna mtu, mama."

"Wewe ulijua?"

"Sikujua."

"Sasa mbona mimi umeniambia, na mtoto hukumwambia?"

Akamwaga vile viazi, akaniamuru nikae na Koku mpaka apone. Jioni mtoto akafumbua macho. "Mjomba, nilikosea kumwagilia?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipoumia. Alikuwa amelala akijitafutia kosa. Nikamwambia hapana, nimekosea mimi, sikujua. Akatikisa kichwa kukubali, akalala tena.

Jua lilelile linakausha kahawa yetu vizuri na kuharibu kiazi, na kwa nini, hadi leo sielewi sawasawa. Nakupa machache niliyobaki nayo. Ukilima na watoto kwenye ndoo, ongeza udongo kila kiazi kinapochungulia, na kilichogeuka kijani usimpe mtu. Na mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui kabla hajatia kitu mdomoni, kisha mshike mkono mkamwulize anayejua. Usimwache ajilaumu kwa ujinga wako.

Mungu akujalie watoto wenye maswali mengi, na ulimi mwepesi wa kuwaambia, "Hilo sijui, twende tukaulize."