Barasa na kura iliyotoka sawa kwa kila simu

Bado nangoja mtu aniambie ni uongo. Barasa wa Kaloleni, mwenzangu wa kuandika code tangu college, ametuacha jana asubuhi.

Wengi mnamjua kwa ile system ya kugawa vibanda vya soko letu Kariobangi. Na kuna wanaomcheka mpaka leo, eti "yule wa kura mbili." Leo nawaambia ukweli.

Wauzaji walitaka kura ipigwe na kompyuta, kamati isipendelee mtu. Wamama watatu wakongwe wangetaja tarakimu moja moja mbele ya watu, namba hiyo iingie kwa programu, ipange majina. Mwenye shaka angeingiza namba ile ile kwa simu yake, aone kama majina yanatoka vile vile.

Barasa alitaka tuandike wenyewe ile sehemu ya kuchanganya majina. Mimi nikamwambia, "Bro, si tutumie tu ile inakuja tayari na programming language? Unajisumbua bure." Nikaiweka hiyo.

Siku ya kura, laptop yangu ikampa Mama Njeri kibanda cha barabarani. Simu yake, kwa namba ile ile, ikamtupa kando ya choo. Kumbe ile niliyoweka ilichanganya kivyake kwa kila mashine. Soko likawaka, na mimi nikaanza kutafuta njia ya kutoka.

Barasa akapanda juu ya kreti. "Wazazi wangu, nimekosea. Hii kura imefutwa. Nipeni wiki moja." Hakunitaja.

Akaandika mwenyewe ile sehemu ya kuchanganya, mistari ya code kama kumi na tano, kuzidisha na kujumlisha tu. Akaijaribu kwa kila simu kuukuu ya mafundi wa simu pale sokoni. Ilitoa jibu moja kila mahali. Jamaa alijua kazi, msibishane na mimi.

Kura ya pili, mamake mwenyewe, muuza mitumba, akaangukia kando ya choo.

Mama akamuuliza, "Si wewe ndiye umeiandika?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana siwezi kuigusa."

Alimnunia mwezi mzima. Lakini hakuna aliyebisha tena.

Jana pale nyumbani kwao mama aliniuliza kama ni kweli mwanawe aliharibu ile kura ya kwanza. Nikamwambia hapana mama, ni mimi. Akanishika mkono.

Pumzika, ndugu yangu. Ulibeba kosa langu kimya miaka hii yote. Sasa nimelichukua, lala bila mzigo.