Nafasi Juu ya Pistoni

Tulimsikia fundi kabla ya kumwona. Nyuma ya mlango wa mabati, katika kichochoro kilichotokea Msimbazi, kulikuwa na kitu kinachotoa pumzi: pwu... pwu... pwu... kama mtu anayebana kicheko msikitini. Shangazi yangu alisimama akatega sikio, vile vile alivyozoea kuyasikiliza matumbo ya wajawazito.

"Huyo anahema vizuri," akasema, tukaingia.

Kumbe ilikuwa teksi ya mtu mwingine. Fundi alikuwa ameziba tundu la plagi kwa kidole gumba huku dereva akizungusha injini kwa hendeli, na hewa ilikuwa inapenya chini ya kidole. Ndicho kilichokuwa kipimo chake cha kompresheni, yaani jinsi injini inavyobana hewa. Kidole kikirushwa kwa nguvu, injini ni nzima. Kikisukumwa kivivu, injini inaumwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu sista, karibu na mgeni wako."

"Si mgeni, ni mtoto wa kaka yangu. Kamaliza kidato cha sita, hesabu anazijua. Nimemleta akupimie ile injini yangu."

Fundi aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili. "Mwalimu," akasema, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. "Haya mwalimu, mgonjwa yuko kule."

Shangazi alikuwa mkunga. Alikuwa amepangiwa zahanati ya kijiji cha ujamaa, ndani kabisa huko Handeni, na Jumatatu alitakiwa awe ameripoti. Lori la serikali lingempeleka bila shida. Ila alikuwa amekwenda kukiona kijiji chenyewe, akakuta hakuna hata gari moja. Mwanamke akizidiwa na uchungu alibebwa kwa kitanda mpaka barabara kuu. Aliporudi alisema neno moja tu: kijiji kile haendi bila gari lake. Na gari lake, lenye rangi ya maziwa, lilikuwa limepasuka bloku ya injini.

Miaka ile huwezi kuingia dukani ukaagiza injini. Fundi alikuwa ameiunga ya shangazi kwa mabaki: bloku ilitoka kwenye teksi iliyopinduka, krenki kwenye gari la kusambazia mikate, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu, ilikuwa imekwisha kuchongwa mara mbili. Pistoni nne alipewa kwa majaribio na mwenye duka mzee wa Kariakoo, aliyezihifadhi miaka mingi ndani ya grisi na magazeti, chumvi ya bahari isizile. Vyote vilikuwa vya ukoo mmoja wa magari, kwa hiyo viliingiana. Kama vingeelewana, hilo ndilo tulilotaka kujua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unatafuta nafasi iliyopo juu ya pistoni ikiwa chini kabisa, kisha nafasi inayobaki ikiwa juu kabisa, unagawanya ya kwanza kwa ya pili. Hewa ikibanwa kupita kiasi, petroli hafifu ya kule shamba inalipuka kabla ya wakati wake; injini inagonga mlimani, na pistoni zinatoboka. Fundi alitaka hewa ibanwe mara nane na nusu, isizidi.

Kazi ile niliipenda mno. Juu ya chemba ya silinda hedi nilifunika kioo cha plastiki cha redio mbovu, nimekitoboa kwa msumari wa moto. Shangazi akanipa bomba la sindano, nikawa nasukuma mafuta ya taa tone kwa tone mpaka kipovu cha mwisho kikakimbia. Mililita thelathini na nne. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya hedi na bloku, ikanipa tano. Pistoni moja ya majaribio, ambayo fundi aliifuta ubavuni tu, ilipanda ikakaa sawasawa na uso wa bloku. Nikapitisha rula juu yake, bapa kabisa. Silinda yenyewe ilibeba mia tatu sitini na saba.

Nikagawanya. Nikarudia kugawanya.

"Kumi na nusu kasoro," nikasema.

Fundi akacheka. "Hiyo si injini, mwalimu, hiyo ni baruti."

"Ukiweka gasketi mbili?" akauliza shangazi.

"Inashuka tisa na pointi tatu. Bado itagonga."

"Sista, mimi kidole changu hakijawahi kunidanganya," akasema fundi. "Tuifunge, tuizungushe, niisikilize."

"Kidole chako kinajua bei ya pistoni za kule Handeni?" nikamjibu.

"Sikia mdomo huo! Sista, huyu umemlea wewe?"

Lakini shangazi hakucheka. Alikaa juu ya tairi, akavua viatu vyake vyeupe vya kazi, akavipanga ubavuni. Nilikuwa nimemwona akipokea watoto wawili kwa mpigo bila kutikisika, na sasa alikuwa anavitazama viatu tu.

"Basi," akasema. "Nitapanda lori. Fundi, nipe hizo pistoni, nimrudishie mzee wa watu."

"Acha, nitazipeleka mwenyewe."

"Na uchafu huo? Nipe."

Shangazi hakuwahi kurudisha kitu cha mtu kikiwa kichafu. Sufuria aliyoazima kwa jirani ilirudi inang'aa kuliko ilivyokuja. Alichovya pamba kwenye yale mafuta yangu ya kupimia, akaanza kusugua pistoni ya kwanza, polepole, taratibu kama anamwogesha kichanga. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imegandamana ngumu kama nta, imegeuka rangi ya chuma chenyewe. Mimi na fundi tuliendelea kubishana juu ya gasketi ya tatu.

"Nyamazeni kidogo," akasema shangazi.

Kidole chake kilikuwa kinazunguka juu ya pistoni. Kikazama.

"Hapa pana shimo."

"Shimo gani tena?" fundi akaruka. "Imepasuka?"

"Haijapasuka. Ina bonde la duara, kama kisahani. Limejaa grisi mpaka juu."

Nilihisi masikio yangu yakiwaka. Ndipo pale pale bapa nilipopitisha rula! Nilipima grisi nikadhani ni chuma. Fundi naye alikuwa ameisifu grisi ile ile siku tatu, jinsi inavyolinda chuma. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza: kicheko kikamtoka mpaka akajishika kiuno, nami nikamfuata, na dereva wa teksi akaacha hendeli akaja kuuliza nani kafa.

"Pima, wewe mtoto," shangazi akasema. "Utacheka baadaye."

Nikajaza kisahani kwa bomba la sindano. Mililita kumi. Nikaandika kwenye gunia la saruji, nikagawanya, nikampa fundi asome.

"Nane na nusu," akasoma. Akairudia kwa sauti, akiwatangazia mabati, teksi na kichochoro kizima: "Nane na nusu, sista! Gasketi moja tu!"

Shangazi alivaa viatu vyake. "Zimebaki tatu za kusafisha," akasema. "Pamba iko wapi?"

Jumapili asubuhi gari la rangi ya maziwa lilinguruma uani, tulivu, bila kugonga hata mara moja. Ilimlazimu aondoke mapema, maana Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, ili kubana petroli. Nyuma alikuwa amepakia godoro, ndoo mbili za plastiki na sanduku la vifaa vyake vya ukunga. Alinibusu paji la uso, akamwambia fundi, "Akizaliwa wa kwanza ndani ya gari hili, nitakuletea habari."

"Akiwa wa kiume mpeni jina langu!"

"Akiwa wa kike?"

"Mwiteni Mwalimu."

Akaingiza gia, akatoka uani taratibu bila kugeuka nyuma. Fundi akauvuta mlango wa mabati, akaufunga.