Redio Yenye Kuku

Kabla ya sauti ya mtangazaji, walisikika kuku. Kituo kile kidogo cha redio kilikuwa katika chumba cha uani, mtaa wa pili kutoka kwetu Utemini, mjini Singida. Mwenyewe, mtu wa Tanga aliyekuja na sanduku la kaseti za taarabu, hakuwa na uwezo wa kuziba dirisha. Kwa hiyo kila asubuhi, katikati ya vinanda na sauti za waimbaji wa pwani, kuku walitetea na mchi uligonga kinu. Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, mtu binafsi alipoweza kumiliki redio kama alivyomiliki mashine ya kusaga, na jambo hilo lilimkera baba kuliko nilivyoweza kuelewa nikiwa binti wa miaka tisa.

Baba, Mnyiramba wa Shelui, aliuza katika duka la ushirika mpaka lilipofungwa, ndipo akafungua duka lake la vitambaa. Kila kilichohusu kituo kile alikishuku. Alishuku ni nani aliyegharimia mlingoti; alishuku kwa nini salamu za wasikilizaji zilitaja majina ya wateja wake. Mwenye kituo alipokuja kumwomba atangaze biashara, alikataa, na wiki hiyohiyo jirani yake, naye muuza vitambaa, akaanza kusifiwa hewani. Mama, ambaye wazazi wake walitoka Pangani, aliisikiliza redio ile jikoni kwa sauti ya chini. Baba akiingia, aliizima.

Siku moja ya mnada, yapata saa nne asubuhi, wimbo ulikatwa katikati. Mtangazaji, mke wa mwenye kituo, alilitaja jina la baba, kisha akasoma polepole kwamba mama yake mzazi amefariki alfajiri huko Shelui, na mazishi ni baada ya sala ya adhuhuri. Mama alinishika mkono, tukakimbilia dukani.

“Baba Mwanaidi, funga duka twende. Mama yako ametutoka.”

“Nani kasema?”

“Redio.”

“Ipi? Ile yenye kuku?” Wateja wawili walicheka. Baba akashusha sauti. “Leo mnada. Nikifunga, wateja wanakwenda kwa nani? Kwa jirani. Na nani anawalipa wale? Huyohuyo.”

“Hivi mtu azue kifo ili auze kanga?”

“Kama ni kweli, redio ya taifa itasema jioni.”

Mama alinivuta mkono tukatoka. Tulipata lori stendi, tukafika Shelui adhuhuri imekwisha pita. Jeneza lilikuwa bado uani: baba mdogo alikuwa amesogeza mazishi hadi alasiri, akimngoja mtoto wa kwanza wa marehemu. Baba mdogo ndiye aliyempa ujumbe dereva wa lori la alfajiri, na dereva, asiyelijua duka letu, akaufikisha penye mlingoti ulioonekana na mji mzima.

“Shemeji, kaka yuko wapi?”

“Yuko njiani,” mama alijibu bila kupepesa macho. Ulikuwa uongo wa kwanza kuusikia kinywani mwake. Alasiri ikaingia, wanaume wakalibeba jeneza bila baba.

Alifika kesho yake, baada ya dereva yule kumtafuta dukani kumpa pole. Jioni iliyopita alikuwa ameketi karibu na redio yake mpaka tangazo la mwisho la vifo likasomwa. Jina halikutajwa, naye, kama alivyotuambia mwenyewe, akalala kwa amani.

“Kaka, tulikungoja,” alisema baba mdogo. Baba akaenda makaburini peke yake.

Kituo kile kilikufa zamani. Siku hizi vifo hutangazwa kwa simu, katikati ya vichekesho na matangazo ya nywele bandia, nami nimejikuta na tabia ya baba: sisadiki mpaka niwapigie watu wawili. Mwaka jana uliingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: baba yako hatunaye, njoo. Haukuwa na salamu wala jina la mwandishi, na kila dalili ya uzushi ilikuwamo. Simu ilikuwa mkononi. Sikumpigia mtu. Nilifunga ofisi nikaenda stendi, na nilifika wakiwa hawajamtoa ndani.