Kabula Hakuwa Mchumba Wangu

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, leo nakueleza wewe ambaye hunijui.

Wakati wa Ujamaa nilikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi hapa Tabora. Tulipiga katika ukumbi mmoja mtaa wa Mtendeni, na watu walinijua njiani. Sauti nilikuwa nayo. Kutunga nilikuwa siwezi.

Dada yangu aliishi kijiji cha ujamaa huko Goweko. Surua ilikuwa imemchukua binti yake wa miaka minne, Kabula. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta akipalilia shamba la kijiji huku akiimba taratibu: Kabula, umeniacha na nani, mlango sijaufunga. Nilirudi mjini na wimbo ule kichwani.

Watu wa redio walipokuja kurekodi bendi za kwetu, niliuimba. Mpiga gitaa akauchangamsha, nami nikamgeuza Kabula kuwa mchumba aliyenitoroka.

Mtangazaji akauliza, "Mtunzi ni nani?"

"Ni mimi," nikajibu.

Wimbo ulipendwa mno. Nilivimba kichwa.

Kule kijijini redio ilikuwa moja, ya ofisi ya kijiji. Dada aliusikia akiwa na wenzake wakipanga majani ya tumbaku. Akawaambia, "Huo ni wimbo wangu. Huyo ni mwanangu." Wakadhani msiba umemvuruga akili. Wengine waliinuka wakacheza mbele yake.

Wiki ileile alikuja kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Hakuitikia.

"Mdogo wangu, ungeniomba ningekupa," alisema. "Lakini mwanangu ndiye wa kuchezewa dansi?"

Ningeweza kwenda kusema ukweli. Niliogopa kuchekwa. Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Dada, nyimbo ni za wote."

Aliondoka bila hata kunywa maji.

Tangu siku hiyo hakuimba tena, si shambani wala harusini. Mimi niliendelea miaka miwili hivi. Kila ukumbi walidai wimbo uleule, na kila nilipouanza nilimwona dada akipalilia. Nikaacha muziki.

Nilimwomba radhi mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Nimekusamehe. Ila usinitake niusikilize." Sasa ni marehemu, na watu bado wananisifu kwa wimbo ule.

Wewe unayetaka kuishi kwa sauti yako, usichukue kilio cha mtu bila kumwomba. Makofi utayapata, kama nilivyoyapata mimi, lakini kwenu hutaweza kumtazama mtu usoni.