Mlinzi wa Majani Yasiyochomwa

Katika nchi ya Arnhem, kaskazini mwa Australia, majani marefu ni aibu kama nyumba isiyofagiwa, na Reuben ndiye aliyepewa heshima ya kulinda uchafu. Wenzake huchoma mbuga mapema, kiangazi kinapoanza, kwa moto wa taratibu, ili baadaye moto mkubwa usiteketeze kila kitu na wanyama wadogo wabakiwe na pa kujificha. Daktari Imogen, mtafiti, alitaka kujua kama kweli wanabakiwa, hivyo akaomba kipande kimoja kisichochomwa, cha kulinganishia. Kikiungua, miaka yake yote ya kazi inakuwa majivu. Kulinda majani yasiyokwenda popote: kazi ya kumpa mvivu.

Kisha gari la mama mkwe wa Reuben likasimama kando ya barabara, naye akashuka na kiberiti.

Huko kwao mtu haongei na mama mkwe wake, hamtazami, wala hamkaribii. Mama mkwe naye vilevile. Reuben akageukia mti.

"Dokta! Kamwambie yule mtu asiwashe!"

Imogen akaenda mbio. "Shikamoo, mama. Samahani, hapa hatuchomi."

"Marahaba. Mbona pachafu hivi? Nani anapatunza?"

"Ee... Reuben."

"Masikini binti yangu! Ngoja niwasafishie, bure kabisa."

"Lakini panya, mama..."

"Panya wanajua kukimbia. Wangekuwa wavivu kama mtu fulani, tungewahurumia."

Kiberiti kikatikisika. Reuben akainama, akazunguka nyuma ya gari, akajitosa katikati ya majani na kuketi kando ya mitego ya bati ambayo Imogen alitega kunasia wanyama wadogo. Mama mkwe asingeweza kumsogelea, na kumchoma mume wa bintiye, ingawa wazo lilionekana kumpendeza, kungeleta maneno kwenye ukoo.

"Mwambie huyo mtu atoke!"

"Hatoki, mama."

"Basi akae. Hatimaye kapata kazi anayoiweza."

Reuben akakaa, macho chini, sisimizi wakimpanda shingoni. Njaa ilipozidi, alikula chambo cha mtego wa karibu, siagi ya karanga na oti. Jua lilikuwa linazama Imogen alipomjia.

"Bado upo? Mama aliondoka mchana! Kaenda kuchoma ng'ambo ya barabara."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani desturi inataka kimya."

Asubuhi kipande kilikuwa kingali kichafu kwa fahari, na katika mtego mmoja alilala bandikuti mnene, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Imogen nusura alie kwa furaha. Kisha akafungua mtego wa pili.

"Ajabu! Chambo kimeliwa chote, na mnyama hayupo. Reuben, umewahi kuona hivi?"

Reuben akageukia mti.