Siku Niliyonata kwa Ndevu Kwenye Bunduki Yangu

Wengine huona haya kusimulia jinsi walivyoanguka mbele ya watu. Mimi sikuanguka, mimi nilinata. Nilinata kwa ndevu kwenye bunduki yangu mwenyewe, jua la saa sita, mbele ya afisa wa serikali na nusu ya watu wa Kinna, na mpaka leo kuna mzee mmoja ambaye nikipita sokoni hushika kidevu chake tu na kunitazama. Basi heri mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hamjalisikia likiwa limetiwa chumvi.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji. Ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe, tumebaki na kishamba cha mahindi kando ya mfereji, na mahindi yalipoanza kubeba wakaja ngiri. (Ngiri sisi Waislamu hatumli, lakini yeye alikuwa anatula sisi.) Afisa wa wanyamapori wa Isiolo akasema atatoa kibali kimoja tu cha kuwaua, kwa mtu atakayelipiga debe mara nyingi zaidi katika risasi tatu, kutoka hatua mia moja. Tukajitokeza wawili, mimi na Kirimi, mwenye duka kutoka Meru. Kirimi hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na shamba, na duka lake halikufungwa isipokuwa Jumapili. Nikajiambia kibali hiki ni changu, nisipokipata watoto watakula nini?

Tatizo lilikuwa bunduki. Ya Kirimi ilikuwa na darubini. Yangu ilikuwa ile ya bei rahisi kuliko zote, ya kuvuta komeo kwa mkono kila risasi, leo inapiga kushoto, kesho inapiga juu. Nikaapa nitainyoosha. Nikakaza skrubu zote, ikatulia kidogo. Nikapitisha karatasi kati ya mtutu na mti wake, ule ubao unaoubeba, nikaona inakwama upande mmoja, kumbe mti unausukuma mtutu; nikakaa siku mbili nikiukwangua kwa kipande cha chupa mpaka karatasi ikapita bila kugusa. Risasi zilizokuwa zinatawanyika kama mbuzi zikaanza kuingia mahali pa ukubwa wa sahani. Ningeishia hapo leo ningekuwa na heshima zangu.

Lakini chuma kilikuwa bado kinacheza kidogo ndani ya mti, nami nikaamua kukiziba. Mke wangu, Mama Jillo, alikuwa akiziba gorfa zake, vile vyombo vya kusukwa vya maziwa, kwa utomvu wa mti uliopashwa moto na kuchanganywa na unga wa makaa, na zilikuwa hazivuji miaka nenda miaka rudi. Nikachukua utomvu huo (sikuomba, nilichukua), nikaumimina mle ndani, nikafunga skrubu. Alfajiri kukiwa na baridi nikapiga risasi tatu, zote zikaingia mahali pa kufunikwa na kiganja. Nilirudi nyumbani naimba. Mama Jillo akaitazama bunduki, akaniuliza swali moja.

"Baba Jillo, gorfa inakaa kivulini. Hiyo yako itakaa wapi?"

Nikamwambia mambo ya bunduki awaachie wanaume.

Siku ya mtihani afisa alisema saa mbili, akafika saa sita. Mimi kwa majivuno nilikuwa nimeilaza bunduki juu ya mabati ya banda la pampu ili kila mtu aione, na jua la Kinna mnalijua. Kirimi akaanza, akapiga debe mara mbili, akakosa moja. Nikalala chini, nikaweka shavu, nikapiga, risasi ikaenda kwenye kichuguu hatua kumi kutoka kwenye debe. Nikataka kuinua kichwa nione vizuri. Kichwa kikakataa.

Utomvu ulikuwa umeyeyuka, umetoka kwenye ufa na kutiririka mpaka pale pa kulalia shavu. Ndevu zangu zilikuwa zimezama humo. Nikafanya nini? Nikavuta komeo kwa taabu, nikajifanya nalenga. Nililenga muda mrefu sana, nikasikia mtu nyuma yangu akisifu utulivu wangu. Mwisho nikafyatua, bunduki ikaruka na ndevu zangu, nikapiga ukemi ambao mbuzi waliukimbia, na risasi sijui iliangukia wapi. Nikasimama, bunduki inaning'inia usoni, mtutu ukielekea juu.

"Mzee, weka bunduki chini," afisa akasema.

"Haikubali, afande."

Komeo nalo sasa lilikuwa limenata kabisa. Mama Jillo akaja na samli, akanisugua kidevu mbele ya watu wote. Kirimi aligeuka akatazama mfereji, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilipobanduka, nusu ya ndevu ilibaki kwenye mti.

Nikamwambia afisa bado nina risasi moja. Akaniambia nimeshashindwa. Nikamjibu kwamba najua, lakini risasi ni yangu. Nikakaa kivulini, nikafungua skrubu, nikachokoa utomvu wote kwa kisu, nikalisafisha komeo kwa samli, nikakaza kama mwanzo, na hakuna mtu aliyeondoka. Nikalala tena, nikapiga. Debe likalia. Watu wakapiga makofi, kisha wakautazama uso wangu, wakacheka upya.

Kibali akapewa Kirimi. Alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, na ngiri wakawa wanakuja siku nyingine sita. Siku hizo sita mimi na Mama Jillo tulishinda kwenye mahindi tukigonga debe kuwafukuza, debe lile lile la mtihani, maana ndilo tulilopewa. Hata hivyo nusu ya shamba ilikwenda.

Jioni moja mke wangu aliligeuzageuza debe mpaka akalipata tundu langu kando ya yale mawili ya Kirimi, akaingiza kidole.

"Hili ulilipiga vizuri," akasema. "Ungeniuliza, yako yangekuwa matatu."

Tangu siku hiyo hata skrubu ya redio siikazi kabla sijamwita aje aone.