Ngoja, Inakuja

Jumapili kanisani Ikutha, mhubiri mgeni alipiga meza na kuuliza, "Nani atafunga nami siku tatu bila chakula?"

"Amina!" tuliitikia kabla hajafunga mdomo.

Mmoja tu alinyamaza: jirani yangu, aliyeumia kichwa alipoanguka na pikipiki mwaka jana. Daktari alisema anaelewa kila kitu, ila majibu yake huchukua muda. Sisi muda huo hatuna, kwa hivyo siku hizi maswali ya kumuuliza yeye tunampelekea mkewe.

Mhubiri naye akafanya vivyo hivyo. "Mama, mzee wako anasemaje?"

"Muulize mwenyewe, pasta. Si yuko hapa?"

Akamuuliza. Jirani akatazama paa. Mhubiri alipofungua kinywa amsaidie, mama aliinua kidole kimoja. "Ngoja tu. Inakuja."

Ikaja.

"Pasta, mimi siwezi," jirani alisema taratibu. "Nameza dawa na chakula. Halafu tumeacha sufuria ya muthokoi kwa moto."

Kanisa zima likacheka. Kisha kicheko kikakatika, tulipokumbuka kwamba sisi tulikuwa tumeshajibu.

Watu husema akili yake inaenda polepole. Labda. Yangu ilienda mbio, na jana, siku ya pili ya kufunga, ilinifikisha mlangoni kwake nikifuata harufu ya muthokoi wao wa mahindi na maharagwe.

"Karibu, utakula?" akaniuliza.

Nikatazama paa.

Mkewe akainua kidole kimoja. "Ngoja," akamwambia mumewe. "Inakuja."